Pono, Samaki wa Rangi: Je, Ni Chakula Salama Kwetu Huku Milimani?

Leo tunazungumza juu ya samaki. Si tilapia wa kidimbwi wala omena wa kupimwa kwa mkebe pale sokoni, bali samaki wa baharini mwenye rangi ya kijani na samawati, pengine na michirizi ya waridi usoni, ambaye mara nyingine hutufikia ndani ya friza ya duka kubwa au ndani ya ndoo ya jamaa aliyetoka Mombasa. Jina lake ni pono.

Samaki huyu akiwekwa juu ya meza ya jikoni huku kwetu, hazikosi kauli mbili. Mmoja atasema rangi kama hiyo ni rangi ya sumu, atupwe. Mwingine atasema samaki wa baharini ni dawa, kwa hivyo apikwe tu hata kama ananuka kidogo. Wote wawili wamekosea, na huyu wa pili ndiye anayeweza kuwapeleka watoto hospitalini usiku.

Si ajabu kwamba tunatatizika. Wazee wetu wengi hawakula samaki kabisa. Walimhesabu jamii moja na nyoka. Samaki aina ya trauti aliletwa katika mito ya Aberdare mwaka 1905 na mzungu aliyeitwa Ewart Grogan, na aliletwa kwa ajili ya mchezo wa kuvua wa walowezi, si kwa chakula cha wenyeji. Vituo vya kuzalisha samaki vya Sagana na Kiganjo vilianza mwaka 1948. Hata hivyo, ni baada ya mwaka 2009, serikali ilipochimba vidimbwi vingi mashambani na kujenga kiwanda kidogo cha samaki hapa Tetu, ndipo familia nyingi zilipoanza kumzoea samaki kama chakula cha kawaida. Kwa hivyo cucu wako alikufundisha kuchagua maharagwe mazuri na kutambua maziwa yaliyoharibika, lakini hakukufundisha kutazama mashavu ya samaki. Hilo ndilo pengo tunalotaka kuliziba leo.

Basi pono ni samaki gani? Ni samaki wa miamba ya matumbawe na nyasi za baharini, kutoka Lamu na Kilifi hadi Shimoni, na kusini zaidi mpaka Tanzania na Msumbiji. Meno yake yameungana yakawa mfano wa mdomo wa kasuku, ndiyo maana wageni humwita samaki kasuku (kasuku yule ndege, msikilizaji, si mkebe wa Kasuku wa mafuta ya kupikia). Kwa mdomo huo hukwangua mwani unaoota juu ya mawe ya matumbawe. Vipande vya mawe anavyovimeza husagwa kooni mwake, kisha hutoka vikiwa mchanga mweupe. Pono mmoja wa zile aina kubwa aweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Sehemu ya ule mchanga ambao watu hulipa nauli kwenda kuulalia huko Diani imepitia tumboni mwa pono.

Waswahili wa pwani wamemjua tangu zamani. Mtu anayelala akawa hasikii hata akiitwa, husemwa kuwa ana usingizi wa pono. Na kweli usiku pono hujificha kwenye mwamba na kulala kwa utulivu mkubwa, na baadhi ya aina zake hujifunika kwa utando wa ute kama neti ya mbu. Wataalamu waliouchunguza utando huo wamegundua kwamba hufanya kazi hiyo hiyo hasa: huwazuia wadudu wadogo wa baharini wanaonyonya damu ya samaki.

Sasa turudi kwenye rangi. Pono wengi huanza maisha wakiwa wa kahawia, kijivu au wekundu hafifu, na wengi wao huwa majike. Wakikua, baadhi hubadilika wakawa madume, na hapo ndipo huvaa kijani, samawati na waridi. Samaki wawili ambao wewe ungedhani ni wa aina tofauti kabisa wanaweza kuwa wa aina moja, jike na dume. Rangi hiyo ni ya kutambulishana wao kwa wao. Iko kwenye ngozi na magamba; nyama ya ndani ni nyeupe ikiiva. Ukimwona pono mdomo wake una rangi ya kijani, usishtuke, si kuoza. Pwani ya Kenya pono ni miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa wingi na wavuvi wadogo, pamoja na tafi na changu, na akina mama wanaokaanga samaki kando ya barabara, wale wanaoitwa mama karanga, wamekuwa wakimuuza miaka na miaka.

Samaki wa kuogopa ni mwingine, na wala hana rangi za kuvutia. Anaitwa bunju, yule anayejivimbisha kama mpira akiguswa. Ini lake, mayai yake na ngozi yake vina sumu inayopooza misuli ya kupumua, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 1967 jarida la madaktari, East African Medical Journal, lilichapisha habari za mvuvi wa Zanzibar aliyekufa kwa kula bunju, na huyo alikuwa mtu wa bahari, si mgeni. Kwa hivyo, ukiwa matembezini pwani na ukaona samaki aliyetupwa ufuoni na wavuvi, usimwokote ukidhani umepata bahati. Wamemtupa kwa sababu.

Kuna sumu nyingine inayotoka kwa vijimea vidogo mno vinavyoota kwenye matumbawe yaliyokufa. Samaki wanaokula mwani huvila, kisha samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama chewa na mkunga, huikusanya sumu hiyo mwilini. Inajulikana zaidi katika visiwa vya Pasifiki na Karibi, na katika Bahari ya Hindi visiwa vya Réunion na Mauritius vimeiona. Mtu aliyeipata hutapika na kuharisha, midomo na vidole vyake hufa ganzi, na jambo la ajabu ni kwamba maji baridi huyahisi kama yanamchoma. Kupika hakuiondoi. Njia rahisi ya kujikinga ni kutokula kichwa, ini na matumbo ya samaki wa matumbawe, hasa akiwa mkubwa sana, na kupendelea samaki wa kadiri wa kutosha sahani mbili au tatu.

Hizo ni hatari za mara chache. Hatari ya kila siku kwetu ni safari na joto.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Nyeri ni karibu 150 nyingine. Jamaa yako amenunua pono saa kumi jioni. Samaki huyo pengine alitoka majini asubuhi. Amefungwa kwenye mfuko wa plastiki na gazeti, akatiwa kwenye buti la basi la usiku, asubuhi akangoja stejini Nairobi, kisha akapanda matatu kupitia Thika, Sagana na Karatina. Anapofika kwako, amekaa nje ya maji kwa zaidi ya siku nzima, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa ndani ya joto. Katika joto la Mombasa samaki asiyetiwa barafu huanza kuharibika ndani ya saa chache tu. Na pono ana nyama laini, na tumbo lake limejaa mwani unaochacha upesi, kwa hivyo asipopasuliwa mapema harufu ya matumbo huingia ndani ya nyama.

Hili halimaanishi kwamba samaki wa pwani hawezi kufika Nyeri akiwa mzuri. Anaweza, na akitiwa barafu tangu mwanzo hukaa siku nyingi akiwa mzima. Mwambie jamaa yako hivi: samaki apasuliwe huko huko sokoni, matumbo na mashavu yatolewe, aoshwe kwa maji safi. Kisha apangwe kwenye kasha la barafu, tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu tena, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki au zaidi. Samaki asielee katika maji yaliyoyeyuka, maana maji hayo yamebeba uchafu. Yapate mahali pa kutokea. Akikuambia hayo yote ni gharama na usumbufu, basi akuletee mahamri. Samaki bila barafu kwa safari hiyo ni pesa za kutupa, na afadhali zitupwe huko kabla ya kulipiwa nauli.

Tena kuna kosa moja la huku kwetu kabisa. Mwezi wa Julai, wakati ukungu umetanda na watoto wamevaa sweta mbili, mama huacha samaki mezani usiku kucha akisema, "Kuna baridi, hataharibika." Baridi ya Nyeri si friji, mama. Friji inapaswa kuwa na nyuzi 4 au chini yake. Jikoni mwako, hata Julai, kuna nyuzi kumi na kitu, na palipowashwa jiko ni zaidi. Kwako ni baridi, lakini kwa vijidudu vinavyoozesha samaki huo ni wakati mzuri wa kuongezeka. Samaki mbichi au aliyepikwa asikae nje kwa zaidi ya saa mbili.

Wengine huuliza, je, si moto utaua vijidudu hivyo? Moto huua vijidudu, ni kweli. Huku juu maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, lakini hata hizo zinatosha kabisa kuivisha samaki na kuua vijidudu. Shida ni kwamba baadhi ya vijidudu vikishakaa kwenye samaki huacha sumu nyuma yao, na sumu hiyo haiungui. Hutokea zaidi kwa jodari, nguru na samaki wadogo wenye mafuta wakikaa joto. Mtu hula, na katika muda wa dakika chache hadi saa mbili uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ulimi unawasha kama amekula pilipili, na moyo unaenda mbio. Pono hayumo katika kundi la samaki hao, lakini sheria ya jikoni ni moja: samaki aliyeoza hatengenezwi na moto, wala ndimu, wala masala.

Utamtambuaje aliye mzuri? Rangi isikudanganye hapa pia, kwa maana pono hupauka akifa na zaidi akikaa kwenye barafu. Pono aliyepauka kidogo anaweza kuwa mzima. Tazama macho, yawe maangavu na yamejaa, si yaliyozama na yenye ukungu. Inua kifuniko cha shavu uone ndani. Pawe pekundu, si kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Pono kwa kawaida ana utelezi, na utelezi ulio safi kama maji ya ute wa yai hauna neno, lakini ukiwa mzito, wa manjano na wenye harufu, mwache. Kisha nusa. Samaki mzuri wa baharini hunukia mwani na chumvi. Muuzaji akikataa usimnuse samaki wake, shukuru na uende zako.

Aliye kwenye friza hawezi kunuswa, kwa hivyo tazama pakiti. Ukiona mabonge ya barafu yameganda chini ya mfuko, au samaki amepinda ajabu kama aliyelegea kisha akagandishwa tena, au kingo za nyama zimekauka na kuwa nyeupe au manjano, huyo pengine aliyeyuka njiani au stima ilipopotea. Na kwa kuwa stima hupotea kwetu pia, kumbuka: friza iliyojaa na isiyofunguliwafunguliwa huhifadhi baridi kwa muda wa karibu siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, na friji ya kawaida karibu saa nne tu. Kama huna friji, nunua wa kupika siku hiyo hiyo. Samaki aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya friji usiku, au ndani ya mfuko uliofungwa kwenye maji baridi, si kando ya jiko. Akishayeyuka asirudishwe kwenye friza.

Baada ya shida hizo zote, je, pono ana faida gani mwilini? Gramu 100 za nyama yake hukupa takriban gramu 20 za protini, na mafuta ni kidogo sana. Ni chakula chepesi kwa mgonjwa anayepata nafuu, kwa mzee ambaye nyama ya ng'ombe imemshinda kutafuna, na kwa mtoto anayekua. Kwa kuwa hula mwani, zebaki mwilini mwake huwa ndogo kuliko ile ya papa na nduaro, samaki wakubwa wanaokula wenzao, ambao mama mjamzito anashauriwa kuwaepuka. Yale mafuta mema ya moyo yanayosifiwa sana, pono hana mengi. Omena wa mkebe anamshinda.

Kuhusu iodini, samaki wa baharini anayo kuliko wa mtoni. Nyanda za juu zetu zilijulikana kwa ugonjwa wa goita, ule uvimbe wa shingo ambao Waswahili huuita rovu, kwa sababu mvua ya milimani huosha iodini kutoka kwenye udongo. Lakini tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi ya kupikia itiwe iodini, na hiyo ndiyo kinga ya familia yako kila siku. Kwa hivyo usijinyime karo ukitafuta pono. Tilapia wa Sagana, kambare wa kidimbwi cha jirani na omena watakutosha vizuri. Pono mle anapopatikana, kwa utamu na kwa kubadilisha sahani.

Tena mle kwa kiasi, na uwaache walio wadogo. Pono ndiye anayefagia mwani usiyafunike matumbawe, na matumbawe ya pwani yetu yaliumia sana na joto la bahari la mwaka 1998. Nchi ya Belize ilipiga marufuku kumvua mwaka 2009. Kwetu hajakatazwa, ila kuvua kwa bunduki ya mkuki na kwa nyavu za kukokota ufuoni kumekatazwa tangu mwaka 2001. Anayenunua vipono vya ukubwa wa kiganja anawapa moyo wanaovua vibaya.

Jikoni sasa. Magamba ya pono ni makubwa na hutoka kwa urahisi. Yakwangue kutoka mkiani kuelekea kichwani, chini ya maji yasije yakaruka kote. Tumia ubao na kisu ambavyo havitakata kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto. Pwani humpaka ndimu, kitunguu saumu na chumvi, wakamkaanga kidogo, kisha wakamtia kwenye mchuzi wa nazi na ukwaju. Huku kwetu nazi ni ghali, na nyanya, vitunguu na dania vinatosha kabisa. Asipikwe kwa muda mrefu kama nyama ya mbuzi, kwani nyama yake ni laini na itasambaratika. Dakika 10 hadi 15 kwenye mchuzi zatosha kwa kipande cha kawaida. Ameiva pale nyama inapokuwa nyeupe kabisa na kuachana na mfupa kwa uma. Huenda vizuri na mukimo, usisikie wanaosema lazima uwe wali. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kuwa meusi yamwagwe.

Mwenye shinikizo la damu aangalie ng'onda, yaani samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa. Husafiri vizuri bila barafu, lakini chumvi yake ni nyingi. Walowekwe kwa saa kadhaa, maji yamwagwe mara mbili au tatu, na mchuzi usitiwe chumvi nyingine.

Mwisho ni miiba. Mtoto mdogo atolewe miiba yote na mtu mzima, kwa vidole vilivyooshwa, si kwa macho tu. Mwiba ukikwama kooni, desturi yetu ni kumezesha tonge kubwa la ugali au ndizi ili uushushe. Tonge hilo laweza kuusukuma mwiba ukazama zaidi au ukatoboa koo. Mtu akohoe, anywe maji kidogo, na kama bado anahisi kuchomwa, anatema mate kwa kushindwa kumeza, au anatoa damu, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Akishindwa kupumua, hiyo ni dharura na asingojewe. Vilevile, mtu aliyekula samaki kwa mara ya kwanza akavimba midomo, akatokwa na vipele mwili mzima na kuanza kukoroma kifua, mwili wake umemkataa samaki. Huyo naye apelekwe haraka, na daktari aambiwe ni samaki gani aliyeliwa na saa ngapi. Kama kipande kimebaki, kifungwe kwenye mfuko na kipelekwe pia.